Pua ya Ardis Pelkey

Watu wa kilima cha Hadlock, huko Vermont kaskazini, hawasifiani ovyo. Mtu akijenga ghala zima kwa mikono yake, jirani atalizunguka, atagonga ubao mmoja na kusema, "Si baya," na mjenzi atalala usingizi mnono kwa sifa hiyo. Lakini juu ya pua ya Ardis Pelkey walikubaliana wote, hata wale wasiosalimiana. Pua ile ilijua juisi ya matufaha imekamuliwa lini, kwa matufaha ya shamba la nani, na kama ndani yake yamo mawili matatu yaliyookotwa chini yakiwa yameanza kuoza. Kila mwaka majani yakipukutika na kanisa likiandaa karamu ya mavuno, sufuria kubwa ya juisi ya moto yenye viungo ilikuwa ya Ardis. Mwanamke mwingine kuigusa ilikuwa sawa na kuingia chumbani kwa mtu bila hodi.

Basi pua hiyo ilikufa mwezi wa Februari, na Ardis hakumwambia mtu.

Ilikuwa homa ya kawaida, ile inayopita nyumba hadi nyumba wakati wa theluji. Ilimlaza, ikamwachia, na ilipoondoka ikaondoka na kila harufu. Alinusa kopo la kahawa, hakuna kitu. Alinusa mafuta ya taa, hakuna kitu. Alikwenda akasimama katikati ya zizi la jirani yake, mzee Normand Thibault, akavuta pumzi kwa nguvu zake zote kati ya ng'ombe thelathini, akatoka kama alivyoingia. Ulimi nao ulibakiwa na utamu, uchungu na chumvi, tena kwa mbali. Alijiambia itarudi machipuko yakianza. Machipuko yakaja, kiangazi kikaja, pua ikabaki pale pale usoni kama pambo.

Alinyamaza kwa kiburi, na hapo hana wa kumtetea. Lakini nyuma ya kiburi kulikuwa na hofu, na hofu ndiyo iliyomfunga mdomo hasa. Pua ile ndiyo iliyokuwa ikimlinda mwanawe.

Royce, mtoto wake wa pekee, alikuwa mlevi aliyeacha. Alirudi nyumbani kwa mama yake akiwa mtu mzima mwenye mvi masikioni, mikono ikimtetemeka hata kijiko hakishikiki, akalala katika chumba kile kile alicholala utotoni, juu ya jiko. Theluji ya mwaka uliotangulia ilimkuta anakunywa. Hii ya Februari ilimkuta ameacha. Alipata kazi kiwanda cha kupasua mbao kule bondeni. Kila jioni alipoingia, mama yake alimsubiri mlangoni na kumbusu shavuni. Wapita njia walisema ni mapenzi ya mama. Yalikuwa mapenzi, ila yalikuwa na pua. Royce alijua, wala hakuchukia. Alikuwa akiinama, anatoa shavu, anasema, "Kagua, afande," naye Ardis ananusa na kusema, "Safi."

Baada ya Februari aliendelea kumbusu, na aliendelea kusema "Safi." Angefanya nini? Mlinzi akishapofuka, hapigi mbiu.

Alikuwa na sababu ya kuogopa. Mumewe, Lucien, aliuawa na matufaha. Lucien alikuwa na pipa chini ya nyumba, akilijaza juisi tamu kila Oktoba na kuiacha ichache humo gizani mpaka iwe kali ya kumwangusha farasi. Januari moja alitoka zizini kurudi ndani, mwendo mfupi tu, akaona bora akae kidogo kwenye theluji apumzike. Ardis ndiye aliyemkuta asubuhi, ameganda. Siku ya mazishi, akiwa ameshavaa gauni jeusi, aliteremka na shoka akalipasua lile pipa, akapanda juu akanawa mikono, akaenda kanisani. Tangu hapo juisi iliyoingia nyumba hiyo ilikuwa tamu, ya kunywewa na watoto, basi.

Saa ya hatari ilikuwa saa kumi na moja jioni. Kiwanda kinafungwa, barabara ya kurudi kilimani inapita mbele ya baa, na mtu ana kiu ya siku nzima. Ardis hakuweza kuihamisha baa wala kuihamisha barabara, kwa hiyo aliijaza ile saa. Alitoa sufuria yake ya bluu, akamimina juisi, akatia vijiti vya mdalasini, vipande vya tangawizi, chungwa lililochomekwa karafuu mpaka likafanana na nungunungu, na asali ya miti, ile wanayoigema msituni theluji inapoanza kuyeyuka. Mwishoni alikwangua kungumanga kidogo. Na alikuwa na sheria moja ambayo alimfokea kila mwanamke wa kanisani kwa ajili yake: isichemke. Ikianza kutoa mvuke, punguza moto. Ikichemka umeshaiua, umepata supu.

"Inanukia mpaka kwenye daraja," Royce alikuwa akisema mwaka jana, siku zile za mwanzo alipokuwa akijikaza. "Naendesha gari nimeshika usukani kwa mikono miwili, halafu inanivuta."

Maneno hayo Ardis aliyaweka moyoni. Aliamini, kweli kabisa, kwamba sufuria yake ilikuwa ikimpitisha mwanawe mbele ya baa. Ilikuwa silaha yake pekee, naye aliishika kwa mikono yote miwili.

Mwaka huu mambo yalianza vibaya tangu Mei. Baridi ya ghafla iliunguza maua, matufaha yakawa machache, na Normand Thibault, mwenye mashine ya kukamua, akasema atakamua mara moja tu, mwanzoni mwa Oktoba, kisha afunge. Ardis akaogopa kuishiwa. Akachukua madumu yake yote kwa mpigo, ya kumfikisha sikukuu ya Shukrani mwishoni mwa Novemba. Jokofu lilimeza mawili. Mengine akayapanga kwenye baraza ya nyuma, kama alivyofanya mama yake, na kama afanyavyo kila mtu kilimani pale. Watu hawa wanaiamini baraza ya nyuma kuliko benki. Ikifika Oktoba, baraza hiyo ni baridi kuliko jokofu, tena haili umeme.

Lakini Oktoba hii ilikuja na joto. Wanaume walikata kuni wakiwa na fulana. Nyigu walikuwa bado wanazunguka mlangoni. Ardis alilisifia joto lile, akaanika mashuka nje, akashukuru kwa kuokoa kuni. Madumu hayakumjia akilini. Msimcheke. Maisha yake yote hakuwahi kuhitaji kukumbuka jambo kama hilo, kwa sababu alikuwa akifungua mlango wa baraza na pua inamwambia. Safari hii alifungua mlango kila siku, na hakuna kilichomwambia kitu.

Jioni ya kwanza ya dumu la barazani, Royce aliketi, akanywa funda moja, akasimamisha kikombe hewani. Alimtazama mama yake kwa muda.

"Vipi?" Ardis aliuliza.

"Si mbaya." Akainusa tena. "Imekuwaje mwaka huu?"

"Ndivyo ilivyo mwaka huu. Baridi ya Mei imeyaharibu matufaha, hayana sukari. Nimeongeza asali."

"Una hakika nayo, Mama?"

"Ningekupa kama sina hakika? Kunywa, mwanangu. Heri unywe hapa mbele ya macho yangu kuliko huko njiani."

Royce aliendelea kumtazama, uso wake ukiwa na kitu ambacho Ardis alidhani ni uchovu. Kisha akainua kikombe akakimaliza, akakinyoosha aongezewe.

Na sufuria ikafanya kazi kuliko alivyowahi kuota. Royce alianza kuwahi. Gari lilikuwa likipanda kilima kabla hata karafuu hazijalainika. Alikunywa vikombe vitatu, wakati mwingine vinne. Yule mtu aliyekuwa akila kimya kama mgeni alianza kusimulia visa vya kiwandani, akimwigiza msimamizi anavyotembea. Jumamosi moja alitengeneza mlango wa ghala uliokuwa umelegea tangu baba yake yu hai, akiimba. Ardis alisimama dirishani na taulo mkononi, akalia kidogo kwa furaha. Jumapili kanisani alishukuru kwa sauti, jambo ambalo watu wa Hadlock hawalifanyi, na mchungaji akakohoa.

Ni kweli Royce alikuwa akisinzia kitini kabla ya chakula. Ni kweli asubuhi alikuwa mzito. Kazi ya mbao inachosha, Ardis alisema. Na kulikuwa na jambo jingine dogo la ajabu: vifuniko vya madumu. Kila alipokwenda barazani alikuta vimelegea. Alivikaza. Kesho yake vimelegea tena. Akaviangalia vidole vyake vilivyopinda kwa baridi yabisi, akaona uzee umefika.

Alhamisi, siku mbili kabla ya karamu ya mavuno, Normand Thibault alikuja alasiri kuulizia sufuria ya kanisa. Aliingia bila kugonga, akavua kofia, akaketi kwenye kiti cha Royce.

"Nimetumwa," alisema. "Kamati ya wanawake inaogopa kukuuliza kama utatengeneza mwaka huu. Wamemtuma mwanamume, maana ukimuua hapungui mtu wa maana."

"Lini nimeacha kutengeneza?"

"Hivyo ndivyo nilivyowaambia. Nikawaambia, nitakwenda mwenyewe, huenda nikaonjeshwa."

"Ulikuja kwa ajili hiyo tu, mroho wewe."

"Mke wangu ananipa chai ya majani yale yale tangu asubuhi, Ardis. Nihurumie."

Ardis alicheka, akamchotea kutoka kwenye sufuria iliyokuwa imeanza kupata moto kwa ajili ya saa kumi na moja. Normand alipuliza, akanywa funda kubwa, na mkono wake ukabaki pale pale mdomoni. Alimeza kwa shida. Akacheka kwanza.

"Loo, hii ukiipeleka kanisani, hata mchungaji atacheza."

"Unasemaje?"

"Nasema imechacha, dada yangu. Tena si jana." Alikuwa bado na kicheko usoni, kisha kikaondoka chenyewe. Alikitazama kiti alichokalia. "Nani anakunywa hii?"

Ardis alikwenda kwenye sufuria akainama akavuta pumzi, akavuta tena, mvuke ukamlowesha nyusi.

"Umekosea," alisema. "Wewe ndiye uliyekamua."

"Nilikamua tamu. Ilikaa wapi?"

Normand aliinuka akafungua mlango wa baraza ya nyuma. Alisimama kizingitini bila kuingia, jua la alasiri likimchoma uso kupitia vioo vya baraza.

"Ardis, hapa pananuka kama chini ya nyumba enzi za Lucien. Hukusikia harufu? Wewe?"

"Nina mafua."

"Na huchemshi. Ungekuwa mtu wa kuchemsha, walau ile kali ingetoka na mvuke." Aliinama akagusa dumu moja, kisha la pili. "Nani amelegeza vifuniko?"

"Vinalegea vyenyewe."

"Kifuniko hakilegei chenyewe. Vingebaki vimekazwa, madumu haya yangevimba yakapasuka, hata kipofu angejua kuna nini. Aliyelegeza alikuwa anatoa hewa. Alijua anachokifanya."

Normand alipogeuka na kumwona uso wake, alitamani kuyarudisha maneno. Alisema watayamwaga pamoja, sasa hivi, yeye atabeba. Ardis alimpa kofia yake.

"Nenda nyumbani, Normand."

"Na Jumamosi?"

"Waambie watakunywa chai."

Alipobaki peke yake aliketi. Hakuzima jiko, hakuondoa sufuria, hakujua kwa nini. Alijaribu kumkasirikia Royce, na kwa muda aliweza: mwongo, mwizi, damu ya baba yake, anakaa mezani kwake akimchekea huku usiku anateremka kulegeza vifuniko. Kisha hasira ikamwishia, akabaki na picha ya mkono wake mwenyewe ukichota, ukimimina, ukiongeza. Vikombe vitatu. Wakati mwingine vinne. Mvinyo ule ule alioumwaga kwa shoka, ameurudisha kwa upawa, na asali juu yake.

Gari lilipanda kilima. Royce akaingia, akainama, akatoa shavu.

"Kagua, afande."

"Kaa chini," Ardis alisema.

Royce alikaa. Alikiona kikombe cha Normand mezani, kimejaa nusu, akaelewa kwamba kuna jambo.

"Ulilegeza vifuniko."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Yangepasuka, Mama. Ungepiga deki mpaka Krismasi." Alijaribu kutabasamu, haikuwezekana.

"Kwa hiyo ulijua imechacha."

"Tangu funda la kwanza. Kwani nani asingejua?"

"Na ukanywa. Ukakaa hapo ukanywa, ukanitazama usoni."

"Wewe ndiye uliyenitazama usoni!" Royce alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtoto aliyeonewa. "Nilikuuliza. Nilikuuliza una hakika, ukasema ungenipa kama huna hakika? Ukaniambia heri ninywe mbele ya macho yako kuliko njiani. Wewe, Mama. Mwenye pua ile."

Ardis aliushika ukingo wa meza.

"Nilifikiri umechoka," Royce alisema, sasa akiitazama meza. "Nilifikiri umekaa ukawaza, ukasema, huyu haachi, huyu ni Lucien mtupu, basi na afie jikoni kwangu kuliko kwenye theluji. Sikukulaumu. Nilitaka kukataa kile kikombe. Lakini kama hata wewe umenikatia tamaa, mimi ni nani nijipe moyo?"

"Sinusi," Ardis alisema.

"Nini?"

"Sinusi kitu, Royce. Tangu Februari, tangu ile homa. Sisikii kahawa, sisikii moshi. Sikusema."

Royce alimtazama kama mtu anayesoma jina lake kwenye kaburi. "Na pale mlangoni?"

"Nakubusu tu."

Kuni zilianguka ndani ya jiko.

"Julai," Royce alisema. "Tulipomzika Duane wa kiwandani. Nilipita baa siku ile. Nilikuja hapa nanuka mpaka mwenyewe najichukia. Nilitaka unikamate, Mama. Njia nzima nilikuwa nasema, potelea mbali, atanikamata, atapiga kelele, na kesho nitaanza upya. Nikainama. Ukaniambia 'Safi.'" Alijifuta uso kwa kiganja. "Nilipanda juu, nikakaa kitandani. Nikajua umeshaamua kutonikamata tena. Hii juisi ilinikuta najua tayari."

Ardis alitaka kupiga magoti. Alitaka Februari irudi, aseme neno moja tu, sinusi, lisilomgharimu mtu chochote isipokuwa sufuria ya kanisa. Badala yake aliinuka, kwa kuwa hakuweza kukaa mbele ya uso ule.

"Nayamwaga."

"Usiniombe nikusaidie," Royce alisema. "Siwezi kuyabeba hayo."

Aliyabeba mwenyewe, dumu moja moja, akayamwaga nyuma ya ghala ambako mteremko unaanza. Vidole vilimuuma. Juisi ilitoa povu kwenye majani makavu, nyigu wakaja. Kupitia dirishani alimwona Royce ameketi pale pale, mikono kati ya magoti. Halafu akamwona anainuka kufunga dirisha. Harufu ilikuwa imejaa uwanja mzima, inamfuata mpaka mezani, na yeye Ardis aliyesimama ndani yake hakusikia ila sauti ya maji yakimwagika.

Dumu la mwisho lilipoisha ndipo alipokumbuka sufuria.

Alirudi mbio, kwa kadiri ya miguu yake. Royce alikuwa kitini. Sufuria ilikuwa jikoni, bado inatoa mvuke, na chungwa lenye karafuu linaelea. Kikombe cha Normand kilikuwa mezani, kitupu. Je, Ardis alikuwa amekimwaga mwenyewe alipokuwa akitoka kwenda barazani? Alijaribu kukumbuka, akashindwa. Upawa ulikuwa ndani ya sufuria. Hakukumbuka kama aliuacha ndani au pembeni.

Alimwendea mwanawe, akamshika kichwa kwa mikono miwili iliyolowa, akamsogezea uso karibu kabisa, pua kwa mdomo, akavuta pumzi kama alivyovuta zizini kwa Thibault. Akavuta tena. Royce hakujitoa. Alikaa tuli, akimpumulia usoni, machozi yakimtoka.

Hakuna kitu.

"Umekunywa?" Ardis aliuliza. Tangu aolewe hakuwahi kumuuliza mwanamume swali hilo. Hakuwahi kuhitaji neno lao.

Royce alichelewa kujibu.

"Hapana, Mama."

Akamwachia kichwa. Akaichukua sufuria, akaimwaga kwenye sinki pamoja na mdalasini wake na chungwa lake, akasimama akiupa mgongo mlango.

"Na kesho?"

"Kesho utaniuliza tena," Royce alisema. "Nami sijui nitakujibu nini."